Mstari wa Siku Mbili

Kwanza niondoe uongo mmoja. Watu husema haki zetu ziliandikwa na wanasheria na waheshimiwa wenye suti waliotokwa jasho ukumbini. Sawa, waliziandika, siwanyimi. Lakini kati ya mheshimiwa na wewe unayesoma kuna mtu amekaa kwenye kiti kibovu kando ya choo, anakagua kama kilichoandikwa ndicho kilichochapwa. Mtu huyo kwetu alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya kugomba hata anapokusalimia, na kiwanda kizima kilimwita Nukta. Mimi nilikaa naye meza moja miaka kumi na tisa. Nilimwita Dada Nukta kwa sababu alinizidi umri, na kwa sababu usipomwita dada alikuwa anakujibu kesho yake.

Kiwanda chetu kilikuwa cha serikali. Tulichapa sheria, fomu, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya kufa, yaani tulimpokea mtu na kumsindikiza. Chumba cha kusahihisha kilikuwa kati ya stoo ya karatasi na choo cha wanaume, kwa hiyo upande mmoja tulisikia panya na upande wa pili tulisikia mengine. Kulikuwa na meza moja, viti viwili, na feni iliyozunguka ikijisikia.

Kazi yenyewe ni hivi. Mmoja anashika muswada, ile karatasi ya asili yenye mihuri ya wenyewe, na anasoma kwa sauti. Mwenzake anashika ukurasa wa majaribio uliotoka kwa mchapaji, anafuata kwa macho, na penseli nyekundu iko mkononi. Anachokisoma wa kwanza sharti wa pili akione. Asipokiona, anatia alama. Nukta alikuwa msomaji, mimi nilikuwa penseli. Tukimaliza ukurasa, wote wawili tunaweka saini chini yake.

Na alikuwa anasoma kila kitu, hadi alama. Siyo tu maneno. "Herufi kubwa, mwenye nyumba mkato akitaka kumtoa mpangaji mkato atampa taarifa nukta. Aya mpya." Siku nzima hivyo, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikamwingia kwenye damu. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mpole kupindukia, na siku akichelewa kurudi alipokelewa mlangoni hivi: "Umechelewa mkato, chakula kimepoa mkato, na usiniambie ulikuwa unaziba pancha nukta." Majirani walikuwa wanatega sikio wapate burudani.

Huyo shemeji yangu ndiye mwanzo wa mambo yote, kwa hiyo ngoja nimweleze. Miaka mingi kabla ya katiba mpya, askari wawili walimtoa kwenye karakana yake mchana kweupe. Walikuwa wanamtafuta mtu mwenye jina kama lake. Alikaa mahabusu miezi saba na siku tisa. Hakupigwa, tuwe wakweli. Walimsahau tu, kama unavyosahau mwavuli. Nukta alipeleka chakula kituoni kila siku, akaambiwa mtu huyo hayupo hapa, ila chakula kilipokelewa na vyombo vilirudi vitupu. Siku moja shemeji alimuuliza askari wa zamu, "Afande, nitakaa humu mpaka lini?" Yule askari, mtu mstaarabu kabisa, alikwenda akaleta kitabu cha sheria, akapekua ukurasa kwa ukurasa mbele yake, mwisho akajikuna kichwa. "Ndugu yangu," akamwambia, "hapa hapajaandikwa mpaka lini."

Walipomwachia walimrudishia mkanda wake wakamwambia pole, majina yamegongana. Hakuna aliyewajibika. Ungemshtaki nani, na kwa kosa gani, wakati hapakuwa na siku iliyovunjwa? Nukta hakulia. Alinuna tu, na mnuno wake ulidumu miaka kumi na moja.

Basi mwaka ule ikaletwa rasimu ya katiba mpya tuichape. Kamati ilikataa kutuletea kwa kompyuta, ikisema kompyuta zina virusi na virusi vina wenyewe. Wakaleta muswada wa karatasi, mhuri kila ukurasa, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Nukta akafungua, akaenda moja kwa moja kwenye sura ya haki, akapitisha kidole. Ghafla akanyamaza. Nilidhani amepatwa na kiharusi, maana sikuwahi kumwona ananyamaza saa za kazi.

"Soma hapa," akaniambia.

Nikasoma. "Kila mtu aliyekamatwa atafikishwa mbele ya hakimu kabla ya siku mbili kupita, au ataachiliwa."

"Umeona?"

"Nimeona. Maneno mazuri. Dada, karatasi haimshiki askari mkono."

"Likizo yako imeandikwa wapi?"

"Kwenye mkataba."

"Ukinyimwa likizo unafanya nini?"

"Nawaonyesha mkataba." Na hilo kila mtu kiwandani alilijua. Kwa likizo nilikuwa simba.

"Basi funga domo," akasema, akapangusa miwani kwa upindo wa khanga yake.

Tangu siku hiyo mstari ule ukawa wimbo. Asubuhi akiingia ananipa salamu kisha mstari. Akichemsha chai, mstari. Akigombana na mtu wa stoo kuhusu penseli, anamtajia hakimu na siku mbili. Baada ya wiki moja mimi mwenyewe niliujua kama jina la mama yangu, na nilikuwa nauchukia.

Sasa nije kwenye aibu, maana hakuna namna ya kuikwepa. Mchapaji wetu tulimwita Vidole kwa sababu ya kasi yake. Alikuwa na uwezo wa kuchapa huku anakusengenya, bila kutazama mikono. Katika ibara ile kulikuwa na sentensi tatu zinazofuatana, na zote zinaanza na "Kila mtu aliyekamatwa". Ya kwanza: ataelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Ya pili: hiyo ya hakimu na siku mbili. Ya tatu: atatendewa kwa heshima. Vidole akachapa ya kwanza, akanyanyua macho, aliporudisha macho kwenye muswada akatua kwenye "Kila mtu aliyekamatwa" ya tatu. Ya pili ikabaki kwenye karatasi, haikuingia kwenye mashine. Ni kosa la kawaida kabisa, kila mchapaji duniani hulifanya, na ndiyo sababu wapo watu wawili kando ya choo.

Ukurasa ulitufikia baada ya chakula cha mchana. Joto, feni imegoma, tumbo limejaa. Nukta akasoma. Alipofika kwenye mstari wake akapandisha sauti, akautamka neno kwa neno kama anaapishwa. Na mimi, haki ya Mungu, nilikuwa nimefumba macho. Kidogo tu. Nilikuwa nausikia, nilikuwa naujua, sikuona haja ya kuutazama. Penseli ikatembea yenyewe. Mwisho wa ukurasa nikaweka saini, naye akaweka yake.

Vikachapwa vitabu mia sita kwa ajili ya wajumbe wa bunge la katiba, ambao wangepiga kura Ijumaa. Na utaratibu ulikuwa mmoja: kinachopigiwa kura ni kilichomo kitabuni, siyo kilichomo kwenye nia njema ya mtu. Kilichoachwa nje kimeachwa.

Jumanne jioni, jua bado liko juu, Nukta akachukua kitabu kimoja kilichoharibika jalada, maana vile vilivyokatwa vibaya tuliruhusiwa kuchukua. Nikaongozana naye hadi karakana ya shemeji kwa sababu baiskeli yangu ilikuwa inalia kwenye mnyororo. Shemeji alikuwa amechuchumaa, gurudumu mapajani. Nukta akafungua ukurasa wa thelathini na moja bila hata kuangalia, akamsukumia.

"Haya, mume wangu. Soma mwenyewe."

Shemeji akafuta grisi kwenye suruali, akavaa miwani yenye mkono mmoja, akaweka kidole. Kidole kikashuka. Kikapanda. Kikashuka tena. Mimi nilikuwa natazama mnyororo wangu.

"Mama watoto," akasema polepole, "hapa wanasema nitaelezwa kosa langu. Halafu nitatendewa kwa heshima. Nitatoka lini, hapajaandikwa."

Nukta akamnyang'anya kitabu. Akasoma. Akageuza ukurasa, akarudi. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu tu. Nikasema mnyororo umekaa vizuri sasa, asante shemeji, nikapanda baiskeli nikaondoka. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama nina malaria.

Lazima nieleze jambo moja la ufundi, ili usije ukasema sikukwambia. Msomaji akikosea, kosa lake huwa la kuongeza au kubadili: amesoma "mia" pahala pa "mbili". Lakini mstari mzima ukikosekana kwenye kitabu, na msomaji ni mtu anayeuimba kila siku, aliyelala ni penseli. Hakuna mjadala. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ile analijua hilo. Mkurugenzi wetu hakulijua, kwa sababu alihamishiwa kwetu kutoka idara ya mifugo.

Jumatano asubuhi tulisimama mbele yake wote watatu: Nukta, Vidole na mimi. Nukta aliweka muswada na kitabu juu ya meza yake, sambamba. Mkurugenzi akatazama kimoja, akatazama kingine, akavuta leso.

"Sentensi moja," akasema.

"Ndiyo, mkurugenzi. Sentensi moja."

"Mama, hii sura ina haki sitini na kitu. Wananchi wakipungukiwa na moja watakufa?"

"Inategemea ni ipi, mkurugenzi."

"Itaongezwa kwenye marekebisho ya baadaye."

"Baadaye ni tarehe ngapi?"

Mkurugenzi akapumua kwa pua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea ng'ombe, na ng'ombe hawaulizi tarehe. Akatuambia tungoje nje, akapiga simu huko juu. Tulisikia "ndiyo mheshimiwa" kumi na nne. Alipotuita tena alikuwa ameloa kwapa zote mbili.

Huko juu, akasema, wamekubali kibandiko. Karatasi ndogo yenye mstari uliokosekana, ibandikwe ukurasa wa thelathini na moja kwenye kila kitabu. Lakini kuna sharti. Magazeti yakiona kibandiko juu ya haki ya mahabusu yatasema serikali ilijaribu kuiba mstari ikashikwa. Kwa hiyo inatakiwa barua ya maelezo yenye jina la aliyekosea na saini yake, ifike kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Bila barua, hakuna kibandiko, wajumbe wapigie kura kitabu kama kilivyo.

"Majina yetu yote matatu?" Vidole akauliza, sauti imekuwa ya kike.

"Jina moja," mkurugenzi akasema. "Watu watatu wakikosea pamoja inaitwa njama. Mtu mmoja akikosea ni uzembe. Huko juu wanataka uzembe."

"Na huyo mtu mmoja atafanywa nini?"

"Ataachishwa kazi. Mlitaka apewe medali?"

Vidole akajitoa haraka: kosa la kuchapa ni la kawaida, alisema, kazi ya kulikamata ni ya wasahihishaji, na hapo alisema kweli. Tukabaki wawili. Nukta alikuwa amebakisha miezi minne astaafu. Mimi nilikuwa na watoto watano, na wa sita njiani, na mke ambaye aliwahi kuniambia siku nikikosa kazi nitalala na baiskeli. Nilitazama kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya fahali mwenye utepe shingoni. Nilimtazama fahali yule mpaka nikamjua kila unywele.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba mtu atasema kitu na mtu huyo asiwe mimi.

"Ni mimi," Nukta akasema. "Niliuruka wakati nasoma."

Vidole aliugeuza uso wake kunitazama kwa namna ambayo sijaisahau, mdomo wazi. Alijua. Na mimi nilijua kwamba anajua. Mkurugenzi akasukuma karatasi na kalamu, na Nukta akaandika pale pale, akiwa amesimama, huku anajisomea kwa sauti alama zote kama kawaida yake. "Mimi mkato msomaji mkuu mkato niliruka sentensi moja nukta." Akasaini. Nilitoka nje nikaenda chooni, kile chetu, nikakaa mule bila haja yoyote.

Alhamisi mchana kibandiko kilichapwa. Vidole alichapa mwenyewe, safari hii anatazama mikono, na Nukta alimsomea mara tatu. Mia sita, vyenye upana wa vidole viwili. Ndipo stoo ikatuambia gundi imekwisha. Kuomba gundi nyingine kulihitaji fomu yenye saini tatu, na mwenye saini ya pili alikuwa amekwenda kwenye mazishi. Nukta alimtukana mtu wa stoo matusi ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote, kisha akatuma ujumbe nyumbani. Baada ya robo saa shemeji alikuwa getini na debe dogo la solushani, ile ya kuzibia pancha. Mlinzi akamkatalia kuingia. Shemeji akasema haina neno, akalipitisha debe chini ya geti, akabaki kule nje amesimama mpaka tulipomaliza.

Kwa hiyo nakwambia, na unaweza kuwauliza waliokuwepo: haki ya kufikishwa kwa hakimu ilibandikwa kwa gundi ya tairi. Tulikaa watu kumi kwenye meza za wafunga vitabu, tunapaka, tunapuliza, tunagandamiza kwa ngumi. Nukta alipita nyuma yetu anakagua kila kimoja. Alipofika kwangu alisema, "Kiko upande, mdogo wangu, kiweke sawa," basi. Hakuna cha zaidi. Nilikiweka sawa. Mikono yangu ilinuka mpira wiki nzima.

Ijumaa wajumbe walilalamika kwamba katiba inanuka gereji. Mmoja mwenye pumu aliomba dirisha lifunguliwe. Mwingine alisimama kuuliza kile kibandiko kina maana gani, na mwenyekiti akasoma barua ya Nukta mbele ya ukumbi mzima, jina lake kamili na uzembe wake, redio zikichukua. Wakacheka kidogo. Kisha wakapiga kura, na sura ya haki ikapita yote, pamoja na kibandiko. Jumatatu Nukta alipewa barua yake. Alifungasha miwani, kikombe na khanga, akamwambia mkurugenzi kwamba kwenye barua ile kuna nafasi mbili zimezidi baada ya neno "uzembe", akaenda zake. Kiinua mgongo hakupata.

Mimi nikapandishwa cheo. Ndiyo, cheka. Nikawa mkuu wa chumba cha kusahihisha, nikaletewa feni mpya.

Nilianza kukwepa mtaa wake. Mwanzoni nilijiambia nina shughuli. Baadaye sikujiambia kitu, nilikata kona tu. Baiskeli nilipeleka kwa fundi mwingine, mwizi mmoja aliyenifungia breki kinyume nikaingia mtaroni na suti ya harusi ya mpwa wangu. Nilistahili. Nilisikia kwa watu kwamba Nukta sasa anakaa barazani kwake na wapangaji wanamletea mikataba awasomee kabla hawajasaini, na kwamba wenye nyumba watatu wameapa kutompitia mlangoni. Ilipita miaka sita hivyo.

Mwaka huu, Jumanne moja saa saba mchana, binti yangu wa tatu alikamatwa. Ni mwalimu. Alimpiga picha kwa simu askari aliyekuwa anawafukuza wachuuzi kwenye lango la shule, askari akaitaka simu, binti akasema hatoi. Kichwa kigumu, sijui amekirithi wapi, siyo kwangu. Nilipopata habari ilikuwa jioni, na sikuruhusiwa kumwona. Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kitandani akaniuliza tu, "Baba watoto, watamweka mpaka lini?"

Asubuhi Jumatano nilikuwa kaunta kabla hawajafagia. Sajini aliyekuwepo alikuwa mnene, amechoka, anapuliza chai. Nikajaribu kumbembeleza. Nikajaribu kumtisha kwamba nafanya kazi serikalini, akasema na yeye pia. Mwisho nikamuuliza lile swali la mke wangu.

"Mzee," akasema, "mimi ningekuwa na uwezo ningemweka mwezi, kwa mdomo ule alionao. Lakini kesho kabla ya saa saba lazima awe mbele ya hakimu, au nimfungulie mlango aende. Siyo kupenda kwangu." Akageuza kiti, akaonyesha kwa kikombe karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Mtu alikuwa amepigia mstari kwa kalamu sentensi ya pili ya ibara ile ile. Akaongeza, kwa uchungu kabisa, "Huu mstari unatutesa sana. Sijui aliuleta nani."

Nilishika kaunta. Sajini akaniuliza kama nataka kukaa. Nikasema hapana, nina mtu wa kumwona.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa miguu hadi ule mtaa niliokuwa naukatia kona. Shemeji alikuwa bado amechuchumaa na gurudumu, nywele zimekuwa nyeupe. "Ala! Shemeji!" akasema. "Tulidhani umehama nchi." Nukta alikuwa barazani, mkataba wa mtu mapajani, penseli nyekundu mkononi. Hakunyanyua kichwa.

"Karibu, mdogo wangu. Keti. Usiguse hizo karatasi."

Nikaketi. Nikamweleza habari za binti, kaunta, sajini na karatasi ya ukutani. Akasikiliza yote. Shemeji aliacha kuzungusha gurudumu. Nilipomaliza nikasema kile nilichokuwa nimekimeza miaka sita.

"Dada, nilikuwa nimefumba macho. Siku ile. Siyo wewe, ni mimi."

"Najua."

"Najua unajua. Nauliza kwa nini ulisaini. Miezi minne tu ilikuwa imebaki. Ulinionea huruma? Ni kwa sababu ya watoto?"

Sasa akanyanyua kichwa. Akanitazama juu ya miwani kama mtu anayetazama ukurasa wenye makosa mengi.

"Huruma gani?" akasema. "Mimi nilikuwa nakuchukia. Wiki nzima nilikuwa nawaza nikuchome na ile penseli yako. Lakini hebu fikiri mwenyewe. Ningesema ni wewe, ungekana. Ningeleta ushahidi, ungekana tena. Mkurugenzi angeunda kamati. Tungebishana mpaka Jumatatu, na kura ilikuwa Ijumaa."

Akarudi kwenye mkataba wake. Shemeji alianza tena kuzungusha gurudumu, polepole. Mimi nilifungua mdomo nimwambie kwamba amenidhania vibaya, kwamba siku ile nilikuwa karibu kabisa kusema, kwamba angengoja dakika moja tu. Nikaufunga. Ningekana. Ningekana mpaka mwisho, na leo binti yangu angekuwa anamuuliza askari mpaka lini.